Tuliikimbia baridi ya Minnesota kwa meli ya Karibea: gharama, bandari na yasiyoandikwa kwenye tangazo

#1 Baba Neema MN

Wakuu, habari za humu.

Tangu niweke ile picha moja, tena ya mgongo, nimesimama kwenye sitaha na bahari mbele yangu, watu hawaishi kunifuata pembeni: "Mkuu, zile meli ni shilingi ngapi?" Theluji imeanza tena huku na maswali yamerudi. Naandika hapa mara moja, kila mtu asome, nisiulizwe tena.

Tunaishi Minneapolis. Mimi dereva wa lori, mama watoto anatunza wazee, shifti ya usiku. Yeye akirudi asubuhi mimi natoka, tunaonana jikoni kama walinzi wanaopokezana lindo. Januari ya huku nyuzi kumi na tano chini ya sifuri ni siku ya kawaida, wala haitangazwi. Basi Januari 2025 watoto tukamwachia shemeji yangu, tukashuka Miami, tukapanda meli ya kitalii kwa wiki moja. Njia ya Karibea ya magharibi: Falmouth ya Jamaika, Grand Cayman, Cozumel ya Meksiko, na siku za bahari tupu katikati. Kampuni siitaji, sijalipwa na mtu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusipotezeane muda. Hizi meli si njia ya kuijua Karibea. Unashushwa asubuhi, alasiri unahimizwa kurudi, jua likizama mmeshaondoka. Anayetaka kuijua Jamaika apande ndege akae Jamaika, alale kwa watu, apande daladala zao. Meli ni ya mtu aliyechoka. Hufungi mizigo upya, hutafuti hoteli, huulizi leo tule wapi. Ukiijia kwa nia hiyo utaifurahia. Ukiijia kwa nia ya kuhesabu nchi utarudi na sumaku za kubandika kwenye friji.

Sasa hela.

Tangazo linasema dola 700 na ushee, chumba cha ndani kisicho na dirisha. Maandishi madogo yanasema ni bei ya mtu mmoja ndani ya chumba cha wawili. Ukienda peke yako jiandae kulipia karibu vitanda vyote viwili. Juu yake kuna kodi na ada za bandari, hazikwepeki. Kisha kuna tipu za wafanyakazi. Kampuni nyingi zinazikata zenyewe kila siku, kati ya dola 16 na 20 kwa kila kichwa, kwa hiyo watu wawili kwa wiki ni zaidi ya dola 220 hata kabla hujaagiza kitu. Intaneti unalipia. Soda unalipia. Maji, chai, kahawa ya kawaida na chakula cha bafe ni bure, ila kahawa ya mashine yenye povu ina bei yake. Ziara za nchi kavu unalipia, na hapo ndipo wanapovuna haswa.

Vifurushi vya pombe viangalieni kwa makini. Kwenye kampuni nyingi, mmoja akichukua kifurushi, mtu mzima mwingine wa chumba hichohicho lazima achukue. Mama Neema ni mlokole, hajawahi kuonja hata bia. Ningelipia kifurushi kizima cha mtu anayekunywa maji ya limau. Nilinunua bia zangu moja moja, biashara ikaisha.

Ndege: fikeni Miami siku moja kabla. Winta hii ndege ikikwama Chicago kwa theluji, meli haitakusubiri, na hela hairudi.

Tarehe: bei hushuka wiki za mwanzo za Januari watu wakishamaliza hela za sikukuu, na mwanzoni mwa Desemba baada ya sikukuu ya Shukrani. Krismasi, wiki ya sikukuu ya marais mwezi wa Februari, na Machi wanafunzi wakifunga, kaeni mbali. Habari ya vimbunga, msimu wake rasmi ni 1 Juni hadi 30 Novemba, kwa hiyo Januari huna wasiwasi huo.

Bandari nitazielezea baadaye, sasa hivi naingia barabarani.

#2 Mzuka wa Buguruni

Siti ya mbele kabisa. Nimeweka kambi.

#3 Nyundo Kavu

Uzi bila picha haunogi mkuu.

#4 Kichwa Ngumu Kibaha

Baba Neema, nakuheshimu lakini hapa umechemka. Bei ya meli kwa wawili, nauli ya ndege, hoteli ya Miami, tipu, ziara, si ajabu ikafika milioni saba za Kitanzania. Milioni saba kwa ajili ya kukaa juu ya maji wiki moja! Hiyo ni lenta na mabati. Na kama ni bahari, bahari ipo Nungwi, ipo Mafia, ipo Pangani, maji ya moto hayana theluji. Mnatoroka nyumbani mnakwenda kuwatajirisha wazungu.

#5 Baba Neema MN

Kichwa Ngumu, nimesimama kituo cha mafuta Iowa, nakujibu haraka.

Nauli ya watu wawili kuja Dar msimu wa Desemba na Januari peke yake inazidi hiyo safari nzima. Na nikija nyumbani sijaja likizo. Nimekuja kikazi: misiba niliyokosa, michango, kikao cha ukoo, shamba lenye mgogoro wa mpaka. Napenda kuja, na ninakuja. Ila nikirudi Minneapolis nakuwa nimechoka kuliko nilivyoondoka. Nungwi yenyewe nimelala mara moja tu maishani, tena kwa sababu gari la harusi liliharibika.

#6 Mama Neema Mwenyewe

Hodi humu. Nimetumiwa huu uzi na shoga yangu wa kazini, nikasema hebu nione naandikwa nini.

Baba Neema ameandika hela tu. Sitamkatalia kwenye hela, hesabu zake ni sawa. Ila ile ya kusema meli si ya kuona nchi hainihusu mimi. Mimi niliona. Na hajawaambia kwamba siku ya kwanza kabla meli haijaondoka wanawakusanya wote kituoni kwenu kuonyeshwa mahali pa kukutania na jinsi ya kuvaa jaketi la kuokolea, na yeye alitaka kubaki chumbani amelala. Lile zoezi ni la lazima. Tangu ile ajali ya Costa Concordia kule Italia, 2012, hawana mchezo nalo. Wanasoma kadi yako, usipotokea wanakutafuta.

Kwa kina mama wenzangu: vaeni mnavyovaa kanisani, inatosha. Kuna jioni moja au mbili za kuvaa vizuri kwenye mgahawa mkubwa, siyo lazima gauni la kununua. Nilivaa kitenge changu na kilemba, wahudumu wakawa wananiita Mama Afrika mpaka mwisho wa safari. Pasi ya nguo hairuhusiwi kwenye mizigo, wanaikamata, kwa hiyo bebeni nguo zisizokunjamana.

Kilichonipendeza zaidi ni kwamba sikushika sufuria. Nililala mpaka saa nne asubuhi, nikaamka nimekuta tumefika.

#7 Mzuka wa Buguruni

Shem karibu sana. Uzi umepata mwenyewe.

#8 Fundi Saa

Swali la makaratasi. Mimi nipo Texas, mwanafunzi. Rafiki yangu ana kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu. Mwingine amekuja kutembea tu kwa viza. Tunaweza kupanda sote?

#9 Karani wa Forodha

Najibu, kwa kuwa haya ndiyo nayasikia kila siku.

Raia wa Marekani kwenye safari inayoanza na kuishia bandari ileile anaweza kurudi hata kwa cheti cha kuzaliwa au cha uraia pamoja na kitambulisho chenye picha. Lakini nawashauri mbebe pasi ya kusafiria. Ukiachwa na meli kisiwani, au ukiugua ukashushwa, utarudi kwa ndege, na ndege inataka pasi.

Mwenye kadi ya kijani abebe kadi pamoja na pasi ya nchi yake, ikiwa hai. Meksiko inampokea mwenye kadi ya kijani ya Marekani bila viza yake.

Aliyekuja kwa viza ya kutembea, aangalie kama ni ya kuingia mara nyingi. Mkishafika Jamaika mmetoka Marekani, hata kama ni kwa saa nane. Viza ya kuingia mara moja imeshatumika.

Mwanafunzi wa F-1, yaani viza ya masomo: kuna kanuni inayoruhusu kurudi hata kama viza imeisha, ikiwa ulikwenda Kanada, Meksiko au visiwa vya jirani kwa siku zisizozidi 30, hukuomba viza mpya huko, na karatasi zako za kukaa nchini ni hai. Kuba haimo. Ila usipande kwa kunitegemea mimi. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni, waisome I-20 yako, ile fomu ya uanafunzi, na waisaini.

Kila kisiwa kina masharti yake kwa pasi ya Tanzania, ya Kenya, ya Kongo. Kampuni ya meli ndiyo itakayokuzuia getini, na ikikuzuia kwa makaratasi hurudishiwi kitu. Waulizeni kwa maandishi kabla ya kulipa.

#10 Mwana wa Likoni

Salaam. Mimi nimefanya kazi ndani ya hizo meli, kwanza jikoni, halafu mgahawani. Nimesoma hapa mambo ya abiria, acha niseme ya huku chini.

Kuna ujia mrefu unaotoka tezi hadi omo, sitaha ya wafanyakazi, abiria hauoni kabisa. Karibu kila meli ya huko tunauita I-95, kwa ile barabara kuu inayopita Miami. Magunia ya viazi hupita hapo, mashuka, taka, wapishi wanaokimbilia zamu. Meli kubwa ina chumba cha kuhifadhia maiti pia, msishtuke, wazee wengi husafiri kwa hizo meli na wengine safari yao huishia huko.

Mkataba ni miezi sita mpaka tisa. Hakuna Jumapili. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unaweka ukomo wa saa 14 kwa siku na 72 kwa wiki, na amini usiamini, kuna wiki unaufikia. Chumba mnakaa wawili, kitanda cha juu na cha chini, dirisha hakuna. Wengi ni Wafilipino, Waindonesia na Wahindi. Wakenya tupo, hasa sisi wa Mombasa, na idadi inapanda.

Hizo tipu ambazo Baba Neema amezitaja: ukienda dawatini ukasema ziondolewe, zinaondolewa kweli, kampuni nyingi zinaruhusu. Usifanye. Mshahara wa anayetandika kitanda chako umejengwa juu ya hizo.

Kingine mnachojiuliza na hamkuuliza: kwa nini meli inauza Miami, inajaza Wamarekani, halafu bendera ya nyuma ni ya Bahamas au Panama? Kodi na sheria za kazi. Na kwa sababu ni meli ya kigeni, kuna sheria ya Marekani ya 1886 inayoizuia kubeba abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa nchi nyingine. Hata safari fupi ya mwisho wa wiki hugusa bandari ya nje kama Nassau au Cozumel. Watu hufikiri ni ukarimu.

#11 Dogo wa Tudor

Kaka Mwana wa Likoni, hizo kazi mtu anaingiaje? Kuna wakala ananiambia nilete elfu themanini ya kuniwekea nafasi.

#12 Mwana wa Likoni

Mdogo wangu, usitoe. Mkataba huohuo wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Vya kujilipia ni pasi, kitabu cha baharia, cheti cha afya. Utahitaji pia mafunzo ya usalama ya STCW, na viza ya Marekani ya mabaharia, C1/D, ambayo unaiomba ukishakuwa na barua ya kazi kutoka kampuni. Wakala anayeanza na hela kabla ya usaili, muage kwa salama.

#13 Bint Pemba Toronto

Asalaam alaykum. Mimi na mume wangu tunafikiria Februari. Maswali mawili: chakula cha halali na sala. Kibla unaipataje meli inapozunguka?

#14 Mzee wa Ngazija Road

Waalaykum salaam bint. Nimepanda na bibi yako mara mbili tatu hizi.

Kutoka maji hayo Makka ipo upande wa kaskazini mashariki, siyo mashariki kamili kama wengi wanavyodhani. Televisheni ya chumbani ina ramani inayoonyesha meli inaelekea wapi, ukiwa na hiyo na dira ya simu hukosi. Jihadhari tu, dira ya simu inachanganywa na vyuma, iangalie nje kwenye roshani au sitaha. Meli ikigeuka nawe umo katika sala, geuka nayo ukiweza. Na wewe ni msafiri, una ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Dini ni nyepesi.

Chakula: andika ombi la halali siku unayolipia, siyo siku unayopanda. Kampuni nyingine huleta nyama ya halali kwa ombi, nyingine zinakuahidi kisha zinakuletea samaki. Sisi tulikula samaki na mboga, hatukupungukiwa. Maharage ya bafe uliza kwanza, mara nyingi yana vipande vya nguruwe.

#15 Bint Pemba Toronto

Shukran sana babu, Allah akuhifadhi.

#16 Baba Neema MN

Nimepaki. Sasa bandari.

Falmouth. Meli inafunga kwenye gati iliyofunguliwa 2011, na ukishuka unajikuta katika kijiji cha maduka kilichozungushiwa uzio: almasi, saa, fulana za Bob Marley. Watu wengi wanaishia humo wanarudi wanasema wameiona Jamaika. Tokeni getini. Nje kuna mji wenyewe, nyumba za mawe na matofali za tangu mwisho wa karne ya 18, zilizojengwa kwa faida ya sukari, na sukari ililimwa na watumwa kutoka kwetu Afrika, wengi wa upande wa magharibi. Usain Bolt ni mtoto wa jimbo hilohilo, Trelawny. Tulipanda chelezo cha mianzi mto Martha Brae, nahodha mmoja amesimama mbele na upondo, abiria wawili nyuma, zaidi ya saa moja mnateremka taratibu chini ya miti. Hakuna injini. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa safari yote.

Chakula chao mtakitambua. Kalaluu yao ni mchicha, hakuna ubishi. Na Mama Neema, mtu wa Tanga, aliona mama mmoja anachoma shelisheli juu ya mkaa akasimama hapohapo. Shelisheli ya Jamaika ililetwa na nahodha mmoja Mwingereza, Bligh, 1793, miche kutoka Tahiti, ili wenye mashamba wawalishe watumwa kwa bei rahisi. Watumwa wenyewe mwanzoni hawakuitaka. Sasa haikosekani mezani.

#17 Mama Neema Mwenyewe

Tulikula na samaki wa kukaanga wa pilipili. Yule mama aliniuliza kwetu tunaila vipi, nikamwambia ya nazi, iliyopikwa ikalainika, na papa mkavu pembeni. Akaniambia nazi anatia kwenye wali na maharage, kwenye shelisheli hajawahi kutia. Tuliongea mpaka Baba Neema akaanza kuangalia saa. Ndiyo nasema mimi niliona nchi.

#18 Baba Neema MN

Niliangalia saa kwa sababu meli ilikuwa inaondoka!

Tuendelee. Grand Cayman. Pale hakuna gati la meli kubwa. Meli inatia nanga nje, mnashushwa kwa boti ndogo ndogo. Wananchi walipiga kura kuhusu kujenga gati Aprili 2025, wakakataa. Maana yake kwenu: upepo ukiwa mkali, kituo chote kinafutwa, mnapita mnakiangalia kwa mbali. Ikitokea, mnarudishiwa ada za bandari na ziara mliyonunua kwao, basi.

Watu huenda kuwaona samaki taa. Zamani wavuvi walikuwa wakisafishia samaki kwenye maji matulivu ya ghuba ya kaskazini, matumbo wanayatupa, taa wakazoea. Sasa unasimama kwenye fungu la mchanga maji yakiwa kiunoni, taa wanakupita miguuni. Buruza miguu, usinyanyue, usije ukamkanyaga mmoja. Nyie wa pwani sina haja ya kuwaeleza mwiba wa taa.

Bei za Cayman zina mtego. Dola yao imefungwa kwa dola ya Marekani, moja yao ni kama senti 120 za Marekani. Unaona soda dola tatu unafurahi, kumbe siyo dola unazozijua.

Cozumel nitaipita haraka, tulikaa ufukweni tu. Wenye nguvu wanavuka kwa feri kwenda Playa del Carmen kisha magofu ya Tulum. Ni mbali. Kisiwani penyewe kuna San Gervasio, magofu ya Wamaya, palikuwa mahali pa hija ya kina mama kwa mungu wao wa kike Ixchel. Wazamiaji wanapasifia kwa matumbawe.

Kanuni moja kuhusu kuchelewa: ukichukua ziara ya meli na basi likaharibika, meli inawasubiri. Ukijitafutia dereva wako mwenyewe, haitakusubiri. Kuhusu saa, winta ina raha yake: Miami, Jamaika, Cayman na Cozumel zote zinakuwa na saa ileile, hakuna kubadilisha. Kiangazi Miami inasogeza saa mbele na wenzake hawasogezi, hapo ndipo watu wanaachwa gatini.

#19 Kichwa Ngumu Kibaha

Hiyo ya shelisheli imenigusa kidogo. Sijabadili msimamo.

#20 Sista Mwanza

Mimi naogopa maji. Inayumba?

#21 Mwana wa Likoni

Dada, meli ya ukubwa huo siku nyingi husikii kitu. Ila winta ina siku zake, na sitakudanganya.

Kaskazi yetu unaijua, inakuja na msimu wake na nahodha anaipangia. Kule mambo ni tofauti kidogo. Kuna upepo wa mashariki unaovuma mwaka mzima, unaongezeka nguvu kuanzia Desemba. Juu yake, mara kwa mara hewa baridi inashuka kutoka Texas hadi Ghuba ya Meksiko, na upepo unageuka ghafla kuwa wa kaskazini. Sasa kati ya Cozumel na Florida kuna mkondo mkali wa bahari unaokwenda kaskazini na mashariki. Upepo ukija dhidi ya mkondo, mawimbi yanasimama wima. Kwa hiyo usiku wa kurudi Miami ndio hutapisha watu, siyo wa kwenda. Jikoni tulikuwa tunajua: siku hiyo bafe inabaki nyingi.

Chagua chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini. Meli inakaa kama mzani, kati hakuchezi sana, ncha ndizo zinapanda na kushuka. Dawa meza kabla, siyo baada. Tangawizi inasaidia. Omba matofaa ya kijani, wahudumu wanayaweka kwa kazi hiyo.

#22 Nesi wa Kampala Road

Naongeza la afya. Ugonjwa unaosumbua kwenye meli ni norovairasi, kutapika na kuhara. Ile dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti haiiwezi vizuri, ni sabuni na maji ya bomba. Winta ndiyo msimu wake. Kabla ya kulipa, ingieni tovuti ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wanazikagua hizo meli bila taarifa na kuzipa alama katika 100. Meli yenye 85 kushuka chini imefeli. Jina la meli na alama yake vyote viko wazi.

#23 Karani wa Forodha

Kwa wanaopanga Januari inayokuja: Jamaika ilipigwa na kimbunga Melissa 28 Oktoba 2025, daraja la tano, upande wa magharibi ndiko kulikoumia zaidi. Angalieni meli yenu bado inaingia Falmouth au imehamishiwa kwingine. Mkataba wa tiketi unairuhusu kampuni kubadilisha bandari, na huna kesi. Mkifika, nunueni nje ya uzio kama Baba Neema alivyosema, kwa watu wenyewe.

#24 Nyundo Kavu

Picha bado.

#25 Baba Neema MN

Picha siweki. Nilipoweka ile moja ya mgongo kwenye status, kabla hatujafika Cozumel nilikuwa nimeshapokea ada ya shule ya mtoto wa binamu, pampu ya kisima, na mtu ambaye sijawahi kuonana naye anaomba nimsaidie kununua bodaboda. Wanaona meli, wanadhani ni yangu. Wala simlaumu mtu. Ila ushauri kwa walio ughaibuni: wekeni simu chini. Intaneti ya meli ni ghali, tumieni hiyo kama kisingizio.

Fundi Saa amenifuata pembeni anauliza chumba. Nasema hapa: chukueni cha ndani kisicho na dirisha. Kuna giza totoro, unalala usingizi wa mtoto, na hela iliyobaki inalipia mto Martha Brae. Roshani ni ya kukaa dakika kumi kwa siku.

#26 Mama Neema Mwenyewe

Sikubaliani. Kile chumba huwezi kujua ni asubuhi au usiku wa manane, nilikuwa nawasha televisheni kuangalia ile ramani nijue kama kumekucha. Mtu amefanya kazi usiku miaka yote hiyo anataka kuamka aone jua, siyo kulipishwa giza. Fundi Saa, kama una mke, chukua chenye roshani. Na Baba Neema nilishakuambia, cha Februari nimeshalipia, kina roshani, tofauti imetoka kwenye ovataimu zangu.

#27 Baba Neema MN

Nimesoma hapa kwa mara ya kwanza kama ninyi.

#28 Mzuka wa Buguruni

😂😂😂

#29 Fundi Saa

Shem nimekuelewa. Nabadilisha sasa hivi. Sitaha ya ngapi?

#30 Mama Neema Mwenyewe

Ya nane, katikati. Usichukue iliyo chini ya bwawa la kuogelea, saa kumi na moja alfajiri wanaburuza viti.